VPN ya nyumbani Buswelu haishiki nikiwa Nansio

MamaNyavu: Wakuu, habari za leo. Duka langu la nyavu na taa za dagaa liko Nansio, nyumbani ni Buswelu. Daftari la madeni ya wavuvi liko kwenye kompyuta ya nyumbani, na sitaki kulipeleka kwenye akaunti za watu huko mtandaoni. Rauta ni ya laini ya 4G, nimeiwekea OpenWrt (programu ya kuendesha rauta) na WireGuard (programu ya VPN, yaani njia ya siri ya kufika nyumbani nikiwa mbali), poti 51820 ya UDP, mlango wa WireGuard, iko wazi. Nikiwa sebuleni simu inashika papo hapo. Nikishuka feri na kutumia bando, "kutuma" kunapanda, "kupokea" ni sufuri. Fundi mmoja ananiambia ninunue rauta ya bei kubwa. Ni kweli?

KirumbaNeti: Dada, hela yako iache kwenye mkoba. Fungua ukurasa wa rauta usome anwani ya WAN (upande wa intaneti), halafu tembelea tovuti yoyote inayoonyesha IP yako, yaani anwani yako ya intaneti. Zinafanana?

MamaNyavu: Hazifanani kabisa. WAN inaanza na 100.72.

KirumbaNeti: Basi ndiyo hiyo. Kuanzia 100.64 hadi 100.127 ni anwani za ndani za kampuni ya simu, wateja wengi mnachangia IP moja ya umma. Simu yako ikibisha hodi kutoka Ukerewe, mitambo yao haijui mlango wa nani. Sebuleni inashika kwa sababu simu inaongea na rauta moja kwa moja. Hata DDNS (jina linalofuata IP yako ikibadilika) haitakusaidia hapo.

Waulize kama wanatoa IP ya umma kwa malipo. Wakikataa, kodi seva ndogo yenye IP ya umma, rauta iipigie yenyewe, simu nayo iipigie, zikutane huko. Kwenye rauta weka PersistentKeepalive 25 (itume ishara kila sekunde 25), la sivyo njia inajifunga ikikaa kimya. Daftari linabaki Buswelu, ila seva hiyo inaweza kuona yanayopita, kwa hiyo faili zifungue kwa SFTP, inayozifunga kwa siri njiani.

FundiIgoma: Naongezea jambo linalowasumbua wengi huku kwetu kwenye kukatika kwa umeme. Rauta nyingi hazina betri ya saa. Umeme ukirudi, saa inakuwa nyuma, na WireGuard ya upande wa pili inakataa salamu yenye muda wa zamani kuliko ya mwisho iliyopokea. Kama umeelekeza intaneti yote ipite kwenye VPN, rauta haiwezi hata kwenda kuuliza saa, mnabaki mnatazamana. Kwenye AllowedIPs ya rauta (orodha ya anwani zinazopitia VPN) andika mtandao wa VPN tu, usiweke 0.0.0.0/0, maana hiyo ni intaneti yote.

Halafu Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilitangaza wanaotumia VPN wajiandikishe. Lishughulikie hilo kabla hujalipia seva.

MamaNyavu: Asanteni sana. AllowedIPs nilikuwa nimeweka hiyo 0.0.0.0/0, nairekebisha. Seva ya RAM ya MB 512 inatosha?

KirumbaNeti: Kwa daftari, inatosha na kubaki.