Naomba ushauri: barua zinaingia anwani moja, nataka zigawanyike kwenye orodha tofauti kulingana na aliyetuma

Ngalawa_IT

Wakuu, heshima kwenu.

Nina seva ya baruapepe ya wafanyabiashara wa samaki hapa Kirumba. Ni Ubuntu 22.04 yenye Postfix (inayopokea na kutuma barua), Dovecot (inayotunza masanduku) na Mailman 3 (inayoendesha orodha za barua). Anwani inayojulikana kwa watu wote ni moja, taarifa@mfano.example. Imechapwa kwenye kadi na kwenye stakabadhi, kwa hiyo kuibadilisha haiwezekani.

Watumaji ni kama 40. Kuna makarani wa mialo ya Kome, Ukara na Nansio wanaoleta taarifa za dagaa, kuna wa sangara, na kuna wenye malori. Nataka barua ikifika taarifa@, seva iangalie nani kaituma kisha iipeleke dagaa@, sangara@ au usafiri@ (zote ni orodha za Mailman kwenye orodha.mfano.example).

Nilitumia check_sender_access ya Postfix kwa kitendo cha REDIRECT. Inaelekeza kweli, ila matatizo ni mawili:

1. Karani akiandika kwa taarifa@ na nakala kwa uhasibu@, uhasibu hawapati kitu. Yote inaenda kwenye orodha.
2. Zikifika Mailman nyingi zinazuiliwa zisubiri msimamizi, sababu inaandikwa "Message has implicit destination".

Nakosea wapi?

---

JiweLaBismarck

Mkuu, la kwanza si hitilafu, REDIRECT ya Postfix ndivyo ilivyo. Inabadilisha wapokeaji WOTE wa barua ile, haijali nani alikuwa kwenye nakala. Postfix ikiwa kwenye hatua ya kukagua mtumaji inaiangalia barua nzima, haiangalii sanduku la mtu mmoja. Hata ukihamia header_checks ni yale yale.

Kazi hii ifanyike barua ikishaingia kwenye sanduku la taarifa@ peke yake, na chombo chake ni Sieve (lugha ndogo ya kuandika kanuni za kupanga barua) ndani ya Dovecot. Nakala ya uhasibu@ itapita njia yake bila kuguswa.

Sakinisha dovecot-sieve na dovecot-lmtpd. Postfix iipe Dovecot barua kwa LMTP (njia ya kukabidhi barua kwenye sanduku):

`virtual_transport = lmtp:unix:private/dovecot-lmtp`

(Kama watumiaji wako ni wa mfumo wenyewe, si wa virtual, weka mailbox_transport.) Kwenye Dovecot, ndani ya `protocol lmtp`, ongeza `sieve` kwenye mail_plugins. Hapa ndipo wengi wanakwama. Wanaandika skripti nzuri kabisa halafu Dovecot haiisomi kwa sababu ya neno hilo moja.

Skripti ya taarifa@ ianze hivi:

```
require ["envelope", "copy", "fileinto", "mailbox"];

if anyof (exists "List-Id",
          header :contains "Auto-Submitted" "auto-",
          envelope :is "from" "") {
  keep;
  stop;
}

if address :is "from" ["kome@mialo.example",
                       "ukara@mialo.example",
                       "nansio@mialo.example"] {
  redirect :copy "dagaa@orodha.mfano.example";
}
elsif address :is :domain "from" "malori.example" {
  redirect :copy "usafiri@orodha.mfano.example";
}
else {
  fileinto :create "Wasiojulikana";
}
```

Kipande cha juu usikifute hata kama kinaonekana hakina kazi. Kinazuia barua iliyokwisha kupita kwenye orodha isirudi tena, kinazuia majibu ya "nipo likizo", na kinazuia taarifa za barua zilizoshindwa kufika (hizo bahasha yake haina mtumaji, ndiyo maana ya zile alama mbili tupu). Siku taarifa@ ikiingizwa kimakosa kama mwanachama wa dagaa@, bila kipande hicho utawasumbua wanachama wote kwa barua inayozunguka.

`:copy` inabakiza nakala kwenye sanduku. Bila hiyo barua ikielekezwa imeondoka, na siku Mailman imelala hutakuwa na pa kuitafuta.

Mpangilio wa elsif unaishia kwenye tawi la kwanza linalolingana. Kwa hiyo anwani kamili ziwe juu, domeni nzima chini. Mtumaji wa orodha mbili mpe tawi lake lenye mistari miwili ya redirect. Dovecot kwa chaguo-msingi inaruhusu redirect 4 kwa barua moja, ukitaka zaidi ongeza sieve_max_redirects.

Herufi kubwa na ndogo zisikutie shaka, Sieve haizitofautishi hapo. Ila nukta inazitofautisha. Gmail kwao juma.k na jumak ni sanduku moja, kwa Sieve ni watu wawili. Nakili anwani kutoka kwenye barua halisi, usiichukue kwa kuambiwa kwenye simu.

---

Kamanga_Feri

Kwa nini asiambie watu watumie taarifa+dagaa@ tu? Mstari mmoja wa recipient_delimiter na kazi imeisha.

---

JiweLaBismarck

Mkuu kasema anwani imechapwa kwenye stakabadhi. Na karani wa Ukara anayetuma kwa simu atasahau hiyo +dagaa siku ya tatu.

---

MamaSeva

Bismarck kaeleza vizuri, lakini skripti ile ina mlango wazi, na mlango wenyewe ndio msingi wa swali: mtumaji ni nani?

Barua moja ina watumaji wawili. Wa kwanza yuko kwenye bahasha, ndiye anayetajwa seva zinapozungumza (MAIL FROM). Wa pili yuko kwenye heda ya From, ndiye anayeonekana kwenye simu. Ni kama bahasha ya posta na barua iliyo ndani, majina yanaweza yasifanane. Barua iliyopitishwa na seva nyingine inaweza kuwa na bahasha inayoanza na SRS0= na maandishi marefu (anwani iliyoandikwa upya na seva hiyo), wakati From bado ni ya karani. Ndiyo maana kugawa kwa From, kama alivyofanya Bismarck kwa `address`, ni sahihi kuliko kugawa kwa bahasha.

Sasa ubaya wake: From mtu yeyote anaweza kuiandika. Akijua kuwa barua ya kome@mialo.example inawafikia wanunuzi wote wa dagaa moja kwa moja, anatuma bei ya uongo saa 11 alfajiri kabla soko halijafunguka. SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeni) peke yake haimkamati, kwa sababu SPF inakagua bahasha. Kinachofunga bahasha au saini ya DKIM (muhuri wa kidijitali wa domeni) na ile From inayoonekana ni DMARC.

Weka opendmarc au Rspamd (programu zinazokagua DMARC) mbele, kisha kabla ya tawi la kwanza la kugawa ongeza:

```
if not header :matches "Authentication-Results"
   "barua.mfano.example;*dmarc=pass*" {
  fileinto :create "Hazijathibitishwa";
  stop;
}
```

Mambo matatu hapo.

Jina la mwanzo lazima liwe lile linaloandikwa na seva yako mwenyewe. Fungua barua moja, soma heda, nakili kama lilivyo. Kuna mahali opendmarc inajiandika "OpenDMARC" badala ya jina la seva, na ukibahatisha kila barua itaishia Hazijathibitishwa.

Pia heda hiyo nayo inaweza kughushiwa na mtumaji. Hakikisha chombo chako kinafuta Authentication-Results zote zinazoingia kutoka nje zikiwa na jina la seva yako, kisha ndipo kiandike yake. Jaribu kwa kujitumia barua ya kughushi kutoka nje. Ikipita, bado hujamaliza.

Na domeni isiyo na rekodi ya DMARC itakupa dmarc=none, si pass. Wa Gmail hawana shida, sera ya gmail.com ni p=none (haiagizi barua ikataliwe) lakini matokeo ya ukaguzi bado yanatoka pass. Wenye malori wenye domeni yao ndio utakaowasumbua kidogo, waweke rekodi moja ya TXT kwenye _dmarc. Ni kazi ya dakika tano kwa anayewatunzia DNS.

---

Nyegezi90

Kuhusu tatizo lako la pili, kaka. Mailman inataka kuona anwani ya orodha kwenye To au Cc. Barua yako ina taarifa@ pale, kwa hiyo inaona imeletwa kwa mlango wa nyuma. Usizime ukaguzi huo. Ingia mipangilio ya kupokea ujumbe ya kila orodha, kwenye sehemu ya anwani mbadala zinazokubalika (acceptable_aliases) andika taarifa@mfano.example. Basi.

Ukimaliza hilo utakutana na la pili: makarani si wanachama, nao chaguo-msingi kwa wasio wanachama ni kuzuiliwa. Kosa linalofanywa na wengi ni kubadilisha default_nonmember_action kuwa accept. Hapo umefungua orodha kwa dunia nzima. Waongeze watumaji wako 40 kama nonmember, kila mmoja umruhusu.

La tatu ni ukubwa. max_message_size ya Mailman inaanza na KB 40. Picha ya stakabadhi kutoka kwenye simu ni MB 3, na ikiambatishwa inavimba kwa theluthi hivi, inafika MB 4. Weka 5000, maana kipimo ni KB. Postfix nayo ina message_size_limit ya baiti 10240000, hiyo inakutosha. Ila piga hesabu: wanachama 60 mara MB 4 ni MB 240 kwa picha moja, na aliye kisiwani analipia bando kuisoma. Mimi ningewaambia makarani waandike kilo na bei, picha ibaki kwao.

---

MamaSeva

Niongezee kwa Nyegezi. Ukishawaruhusu hao 40, kumbuka anayeijua dagaa@ anaweza kuandika huko moja kwa moja akiruka Sieve yote, DMARC ikiwemo. Zuia kwenye Postfix:

```
smtpd_recipient_restrictions =
  permit_mynetworks,
  reject_unauth_destination,
  check_recipient_access hash:/etc/postfix/orodha_ndani
```

Ndani ya faili: `dagaa@orodha.mfano.example REJECT Andika kwa taarifa@mfano.example`, na nyingine vivyo hivyo, kisha `postmap`. Barua za Sieve zikitoka kwa sendmail ya ndani hazipiti ukaguzi huu. Andika anwani kamili tu, usifunge domeni nzima ya orodha, la sivyo utakuwa umeifunga na dagaa-bounces@, na Mailman haitajua tena nani kafunga akaunti yake. Makarani wenye akaunti kwenye seva yako hii hii wanaingia kwa port 587 (mlango wa kutuma kwa nywila), huko kuna mipangilio yake kwenye master.cf, kaitazame pia.

Na ili wanachama wakibonyeza "jibu" barua isigonge ukuta huo, elekeza Reply-To ya orodha kwenye taarifa@.

Washa pia kubadilisha From kwenye DMARC ya Mailman (munge_from). Yahoo wako kwenye p=reject (barua isiyothibitika ikataliwe) tangu 2014. Mailman ikiongeza kijachini au kiambishi kwenye kichwa cha habari, saini ya karani wa Yahoo inavunjika na wapokeaji wanaikataa. Mabadiliko haya yanafanyika barua inapotoka, ugawaji hauguswi.

---

DagaaMkavu

Moja dogo la huku kwetu. Watu wakishaunganisha mfumo huwa wanaweka kengele: "hakuna barua ya dagaa kwa saa 48, kuna hitilafu". Msiweke hivyo. Dagaa wanavuliwa kwa taa wakati wa giza, mbalamwezi ikikolea mitumbwi inatulia na makarani hawana cha kuandika. Kengele italia kila mwezi mpaka mtu aizime, na siku imeharibika kweli hakuna atakayejua. Pimeni folda ya Wasiojulikana badala yake. Ikianza kujaa ghafla, ama karani kabadilisha simu na anwani, ama mtu kagusa skripti.

---

Ngalawa_IT

Nimefanya yote, ahsanteni sana. uhasibu@ wanapata nakala zao, na "implicit destination" imeisha. Yamebaki mawili:

1. Barua ya majaribio mara ya kwanza ilifika dagaa@. Nilipoituma tena ile ile, haikwenda. Logi haina kosa lolote.
2. Karani wa ghala la Igoma anatumia akaunti ya seva yetu wenyewe kwa port 587. Barua zake zote zinaangukia Hazijathibitishwa.

---

JiweLaBismarck

1. Ulituma ile ile yenye Message-ID ile ile? Dovecot inakumbuka ilichokwisha kuelekeza kwa saa 12, haielekezi mara mbili. Andika barua mpya. Afadhali zaidi, jaribu bila kutuma:

`sieve-test -t - -Tlevel=matching -f kome@mialo.example taarifa.sieve barua.eml`

Itakuonyesha kila sharti lililolingana na lililokataa. Usiweke `-e`, hiyo inaituma kweli kwa wanachama.

2. Hii namwachia Mama.

---

MamaSeva

Aliyeingia kwa nywila hapimwi DMARC, opendmarc inaweza kupangwa kumruka, kwa hiyo heda ya kupita haipo. Kwenye main.cf weka `smtpd_sasl_authenticated_header = yes`. Postfix itaandika jina la aliyeingia kwenye mstari wake wa Received. Kisha ongeza "index" kwenye require, na sharti liwe hivi:

```
if not anyof (
  header :matches "Authentication-Results"
    "barua.mfano.example;*dmarc=pass*",
  header :index 2 :contains "Received"
    "(Authenticated sender: igoma@") {
```

Ni 2, si 1, kwa sababu mstari wa juu kabisa wa Received unaandikwa na LMTP ya Dovecot, na wa Postfix unafuata. Ukiacha `:index` kabisa, mtu wa nje anaweza kubandika Received ya uongo chini na ikapita. Kama una amavis (kichujio cha barua) katikati, mistari inaongezeka, hesabu upya ukiwa na barua halisi mbele yako.

---

Ngalawa_IT

Imekubali. Ilikuwa 2 kweli.