Seva ya muvi ya nyumbani, ninunue nini?

Jamaa wa Mamboleo: Wasee, niko Kisumu, nataka kaseva ka muvi watoto waangalie kwa tivi na simu kupitia waifai, bajeti elfu 15, nichukue Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, ama kompyuta ya ex-UK?

Fundi Kondele: Achana na Pi, tafuta ile desktop ndogo ya ofisi yenye Intel i5 ya kizazi cha 7, chipu yake inafungua muvi za HEVC ya biti 10, zile zimebanwa sana, bila kuhema. Weka Jellyfin, programu ya kurusha muvi kwa tivi na simu, ni ya bure. Ramu 8GB inatosha.

Mkaaji wa Milimani: Na stima je? Yangu ilipotea nikikopi, hadi diski ikaanza kulia tak tak tak, picha za harusi zikaenda hivyo. Nunua UPS kwanza bana, ile betri ya kushikilia kompyuta stima ikipotea.

Jamaa wa Mamboleo: Kweli, huku mvua ikinusa tu stima ishaenda.