Doa Hataki Televisheni ya Chogo

Kikundi: Nyumba ya Babu

JUMAMOSI

Babu, saa 1:40 asubuhi
Habari za asubuhi, wanangu na wajukuu zangu. Mvua iliyoanza jana usiku haijakatika hata dakika moja, na hivi ninavyoandika nimesimama dirishani nikiitazama bustani inavyoogelea. Nilikuwa nimepanga kuhamisha miche leo pamoja na Baraka, lakini nadhani tutasubiri ibaki manyunyu tu, ndipo tuingie na jembe.

Zawadi, saa 1:52 asubuhi
Shikamoo Baba. Nakuomba usiingie na jembe hata yakibaki manyunyu. Udongo uliolowa ukikanyagwa hushindiliwa, vile vijitundu vinavyopitisha hewa na maji huzibika, na ukija kukauka unakuwa mgumu kama tofali. Chukua udongo kiganjani uufinye: ukibaki donge linalong'aa maji, rudi ndani, donge likimeguka kwa kuguswa tu na kidole, endelea na kazi yako.

Babu, saa 2:10 asubuhi
Marahaba, mwanangu. Nimeufinya, umebaki donge, nami nimerudi ndani. Hata hivyo, nikiwa huko nimeona kwamba doa limeingia kwenye waridi.

Tumaini, saa 2:11 asubuhi
Shikamoo Babu. Mtoe haraka kabla hajaanza kufukua mashina!

Babu, saa 2:18 asubuhi
Marahaba, mjukuu wangu. Ningeandika "Doa ameingia" ungekuwa na haki ya kushtuka, lakini nimeandika "limeingia". Mbwa yuko jikoni amelala. Doa ninalolisema mimi ni jeusi, limezungukwa na umanjano, na liko kwenye majani ya chini. Nimefundisha ngeli miaka mingi, ila sikutarajia kwamba uzeeni ningezihitaji ili kumtenganisha mbwa na ugonjwa wa maua.

Zawadi, saa 2:30 asubuhi
Ugonjwa huo unaletwa na kuvu, Baba, na mvua ndiyo inayousambaza, kwa kuwa kila tone linalogonga jani lenye doa hurusha vimelea hadi kwenye jani la jirani. Usiyachume sasa hivi yakiwa yamelowa, maana mikono yako itafanya kazi ileile ya matone. Yakishakauka, yachume, uokote na yaliyoanguka, na usiyatupe kwenye mboji.

Juma, saa 3:05 asubuhi
Shikamoo Baba. Mwambie Baraka atege kopo lenye pande zilizonyooka mahali palipo wazi, mbali na paa na miti, alikingie mvua hadi kesho. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo atakuwa na hesabu ya kumshughulisha badala ya kukaa akigombania rimoti.

Babu, saa 9:15 alasiri
Marahaba, Juma. Kopo limetegwa. Sasa nina jambo linalonisumbua kuliko waridi. Kama mnavyojua, ile televisheni bapa ilizimika wiki iliyopita na haijawaka tena, kwa hiyo mimi na Baraka tumeitoa stoo ile ya zamani, ya chogo. Kwanza ilituonyesha chenga tupu, tukaiunganisha na king'amuzi kwa zile nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na ya njano, na picha imekuja safi. Tatizo ni Doa. Kila ninapoiwasha, huinua kichwa, huzungusha masikio kana kwamba anatafuta kitu, kisha huondoka kwenda jikoni. Nikiizima, baada ya muda anarudi mwenyewe. Ile bapa alikuwa akilala mbele yake bila wasiwasi. Nimeanza kufikiri kwamba hapendi taarifa ya habari.

Juma, saa 9:24 alasiri
Je, hakulowa? Huenda anasikia baridi, au anasikia ngurumo ambazo ninyi hamjazisikia bado.

Babu, saa 9:31 alasiri
Alilowa asubuhi alipotoka kidogo, akaja kujikung'uta katikati ya sebule, akianzia kichwani hadi mkiani, na matone mengine yakaruka nyuma ya televisheni. Nilikuwa nafikiria kufungua kifuniko cha chogo nifute unyevu.

Juma, saa 9:32 alasiri
Usifungue, Baba, tafadhali sana. Kioo cha televisheni ya rangi ya aina hiyo hupewa umeme unaozidi volti 20,000, na sehemu yake inaweza kubaki humo hata baada ya kuichomoa ukutani. Chomoa waya, iache ikauke yenyewe hadi jioni, wala usiiguse kwa nyuma.

Tumaini, saa 9:50 alasiri
Babu, mimi nadhani Doa anaona kitu ambacho sisi hatukioni. Picha ya televisheni ya chogo huchorwa na mwale wa elektroni unaopita mstari kwa mstari, na kioo humweka mara 50 kwa sekunde. Kwetu sisi mmweko huo huungana ukawa picha moja tulivu, lakini mbwa huweza kutofautisha mimweko inayofika 70 na zaidi kwa sekunde. Yawezekana wewe unatazama taarifa ya habari, naye anatazama taa inayowaka na kuzimika.

Babu (anayeandika ni Baraka), saa 10:02 jioni
Shikamoo Shangazi, shikamoo Mjomba, shikamoo Mama. Shangazi hapo juu nimekosea, nilikuwa nataka kuandika Dada Tumaini. Doa anaondoka kwa sababu ya filimbi. Nimemwambia Babu tangu mchana lakini anasema hakuna filimbi.

Zawadi, saa 10:04 jioni
Marahaba, Baraka. Filimbi gani?

Babu (anayeandika ni Baraka), saa 10:09 jioni
Ile inayolia televisheni ikiwaka. Ni nyembamba kama sindano na haikatiki, hata sauti ikiwa sifuri. Babu akiizima, inaacha.

Babu, saa 10:13 jioni
Nimerudishiwa simu yangu. Kabla ya kuichomoa nilisogeza sikio hadi nikagusa kioo kwa shavu, sikusikia kitu. Mtoto ana mawazo mengi siku za mvua.

Tumaini, saa 10:40 jioni
Babu, ninafuta niliyoyasema, au angalau ninayaweka kando, kwa sababu Baraka ana hoja nzito kuliko yangu. Katika mfumo wa mistari 625, kila mmweko huchora nusu tu ya mistari, kwa hiyo picha nzima huchorwa mara 25 kwa sekunde. Zidisha: 625 mara 25 ni 15,625. Ndani ya chogo kuna transfoma inayofanya kazi kwa mwendo huohuo, na vipande vyake vikitetemeka kidogo tu, sauti ya mitetemo 15,625 kwa sekunde hutoka. Mtoto huweza kusikia hadi karibu mitetemo 20,000, lakini uwezo huo hupungua kadiri umri unavyosonga, na sauti za juu kabisa ndizo zinazotangulia kutoweka. Mbwa husikia hadi karibu 45,000, kwa hiyo kwa Doa hiyo ni sauti ya kawaida kabisa, tena ya karibu.

Unaweza kuhakikisha. Televisheni ikishakauka, funika kioo kwa blanketi upande wa mbele tu, usizibe matundu ya nyuma, ili mwanga usionekane. Weka sauti sifuri. Baraka asimame ukumbini akitazama ukuta. Kila baada ya dakika moja rusha sarafu: upande mmoja, iwake, upande wa pili, izimwe. Tumia rimoti, na ukohoe kila mara hata kama hukubadilisha kitu, ili asisikie kidole chako kikibonyeza.

Babu, saa 2:20 usiku
Jaribio limefanyika kama lilivyoagizwa. Nimerusha sarafu mara 10, nimekohoa mara 10, na Baraka amepatia mara zote 10 bila kusita. Doa aliinua masikio mara tatu za kwanza televisheni ilipowaka, ingawa kioo kilikuwa kimefunikwa, kisha akaenda zake jikoni, na hatukuweza kumrudisha kwenye utafiti.

Babu, saa 2:34 usiku
Nimekaa nikiifikiria hiyo filimbi, na kumbe ninaikumbuka. Nilipokuwa kijana niliweza kusimama nje ya mlango wa jirani na kujua kama televisheni yake imewashwa, hata kama hakuna anayezungumza ndani. Sikuwahi kujiuliza nilijuaje. Wala siku iliponitoka sikuigundua, kwa kuwa mtu hawezi kusikia kitu kikiacha kusikika polepole kwa miaka.

Zawadi, saa 2:41 usiku
Pole Baba. Hata mimi nina mashaka kama ningeisikia.

Tumaini, saa 2:43 usiku
Baba, kesho ukifika kwa Babu usimame nawe ukumbini tukupime.

Juma, saa 2:50 usiku
Kesho nina kazi nyingi sana.

JUMAPILI

Babu (anayeandika ni Baraka), saa 2:15 asubuhi
Shikamooni nyote. Nimepima kopo kwa rula, ni milimita 31. Bustani ni mita 6 kwa mita 10, kwa hiyo ni mita za mraba 60, na maji yaliyonyesha ni lita 1,860. Babu hubeba keni mbili za lita 10 kila safari, kwa hiyo mvua imemwokolea safari 93. Nimehesabu mara mbili.

Babu, saa 2:22 asubuhi
Hesabu ni sahihi, nami nimeihakiki. Mgongo wangu unaishukuru mvua, ingawa unaona ingepaswa kugawa safari hizo katika wiki tatu.

Babu, saa 8:05 mchana
Ngurumo zimeanza. Baina ya umeme na mlio tumehesabu sekunde sita, na kwa kuwa sauti huchukua takriban sekunde tatu kwenda kilomita moja, radi iko kilomita mbili hivi.

Juma, saa 8:06 mchana
Hiyo imeshakuwa karibu mno, Baba. Ilitakiwa uchomoe waya mapema. Usiguse televisheni wala antena sasa. Kaeni mbali nazo hadi ipite.

Babu, saa 8:08 mchana
Tulichomoa vyote tangu saa saba, mawingu yalipoanza kuwa meusi. Mzee huyu hasikii filimbi, lakini macho anayo.

Babu, saa 11:10 jioni
Radi imepita, na mvua imebaki ya kudondoka kutoka kwenye majani tu. Zawadi, madoa ya waridi yameongezeka mawili; nitayachuma kesho yakikauka. Yule mwingine, wa ngeli ya kwanza, alipoanza kusikia ngurumo aliondoka jikoni kwa hiari yake, akaja sebuleni akajibana kati ya meza ya televisheni na miguu ya Baraka, na hapo ndipo alipolala hadi sasa, amenyoosha miguu yote minne, pua yake ikiwa imegusa kioo. Baraka ameniuliza kama arudishe waya ukutani, kwa kuwa saa ya taarifa ya habari inakaribia. Nimemwambia aniletee redio.