Leseni ya daladala: dereva akanyage baiskeli kwanza?

Kijana_Mabibo: Wakuu, jana jioni pale Buguruni daladala imenipita nikiwa na baiskeli, kioo chake kikanigonga kiwiko. Konda ananifokea, "Kaa pembeni we!" Pembeni ni mtaro. Naona mtu asipewe leseni mpaka akanyage baiskeli siku nzima, Buguruni hadi Kariakoo. Mnasemaje?

Suka_Mbagala: Sisi tumesomea, tumelipa na kutahiniwa. Wewe nani kakufundisha? Mnakata kona bila kunyoosha mkono, usiku hamna taa, mmefunga CD mbovu nyuma eti inang'aa. Baiskeli waachieni huko Shinyanga.

Nkurunzinza_wa_Kahama: Shinyanga imeingiaje? Kwetu baiskeli inabeba abiria na tunaiita daladala. Tena jina tumelitendea haki kuliko wewe unayeshusha watu katikati ya barabara.

Suka_Mbagala: Daladala ni ya Dar, jina limetokana na dala, shilingi tano ya nauli enzi hizo. Kaulize wazee.

Bibi_Ilala: Mzee ndio mimi. Hiyo dala tuliitoa tukiwa tumening'inia mlangoni, kwa hiyo usijisifu.

Mwl_Tandika: Mwenzenu kiwiko kimevimba, nyie mnagombea dala! Wafundishwe wote. Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu 1973, ila wanafunzi wangu wanajua zebra tu. Hawajui kwamba gari likikata kushoto kuingia kituoni, aliye ubavuni huko haonekani kwenye kioo.

Suka_Mbagala: Hapo umenena, mwalimu. Wanapenya kushoto halafu wanalia.

Kijana_Mabibo: Mimi sikupenya, nilikuwa nimenyooka! Wewe ndiye uliyetoka nyuma yangu.

Suka_Mbagala: Mimi? Mimi niko Mbagala, Buguruni nafuata nini?

Mwl_Tandika: Morogoro Road waliweka njia ya baiskeli kando ya mwendokasi. Pita Manzese leo: meza ya machungwa, kisha bodaboda, kisha meza nyingine.

Boda_Sinza: Nilikuwa nasoma kimya. Bodaboda tumekosa nini tena?

Bibi_Ilala: Juzi mmoja wenu kanipigia honi nikiwa juu ya kibaraza. Kibaraza changu, mjukuu wangu. Nafagia.

Boda_Sinza: Bibi, huyo siyo wa kijiwe chetu. Sisi tuna vizibao.

Bibi_Ilala: Alikuwa nacho. Kaning'iniza kwenye usukani.

Kijana_Mabibo: Jamani, anayemjua fundi wa kunyoosha rimu karibu na Buguruni? Ya mbele inacheza.

Suka_Mbagala: Kuna mmoja karibu na sokoni, chini ya mwarobaini. Ila tembea kushoto.