Mdogo wangu kaitwa mafunzo ya zimamoto, kukoje huko?

Wakuu habari, dogo kaitwa mafunzo ya Zimamoto na Uokoaji kule Chogo, Handeni, na bi mkubwa halali kwa wasiwasi, naomba wanaoijua hii kazi mnieleze afya zao zinalindwaje maana moto si mchezo.

>> Hongera kwake. Aanze kukimbia sasa hivi, lile ni jeshi, kwata ipo, halafu kuna kuvuta mipira ya maji na kuingia na mtungi wa hewa kwenye moshi ambao huoni hata mkono wako

>> Moto ukizimika asikimbilie kuvua barakoa, moshi unakuwa bado upo. Mwaka 2022 shirika la saratani la WHO liliiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Na nguo za kazi asirudi nazo kwa watoto. Shifti nayo ikiwa na watu wachache anayeshika mpira anakosa wa kumpokea, hapo ndo watu wanaumia

>> Msisahau kichwa jamani. Kariakoo Novemba 2024 ghorofa lilipoporomoka, waokoaji walikuwa wanaongea na watu walionasa chini ya kifusi, wengine hawakutoka hai. Hiyo unarudi nayo nyumbani, kwa hiyo mkuu, dogo akirudi likizo kaa naye, muulize analalaje