Mdogo wangu anataka kufungua ufilisi Texas, na mdhamini wa nyumba yake ni mimi

Dada wa Ujiji:

Ndugu zangu wa Kigoma mlio ughaibuni, habari za huko. Mimi nilisharudi nyumbani, nauza dagaa na mawese hapa Ujiji. Nilipokuwa Texas nilitia sahihi mkopo wa nyumba ya mdogo wangu, maana kipato chake kilikuwa hakitoshi. Sasa kapunguzwa kazi. Jana usiku kanipigia: "Dada, naenda mahakama ya ufilisi, deni litafutwa." Na mimi je? Jina langu halimo kwenye hati ya nyumba.

Kaka wa Mwanga, niko Houston:

Shikamoo dada. Mwambie asisaini chochote kwa wakili kabla hamjaongea tena. Litakalofutwa ni deni lake. Lako linabaki, na benki inaweza kukudai lote, si nusu. Kutokuwemo kwenye hati hakukuokoi: unadaiwa nyumba isiyo yako. Ni kama kumdhamini mtu injini ya boti pale Kibirizi. Akikwama, hodi inapigwa kwako.

Muulize ni Chapta gani, yaani sehemu gani ya sheria ya ufilisi ya Marekani. Chapta 7 humalizika kwa miezi minne hivi, lakini zuio la mahakama dhidi ya wadai linamkinga yeye tu. Chapta 13 ni mpango wa kulipa wa miaka 3 hadi 5, na kwa deni la nyumba ya kuishi humkinga hata mdhamini. Kinga hiyo benki inaweza kuomba iondolewe kama mpango haulipi deni lenu, na kesi ikigeuzwa kuwa Chapta 7 inakwisha. Tena Chapta 13 inataka mtu mwenye kipato cha kueleweka, naye hana kazi. Hapo ndipo ninapomwogopea.

Texas, mkopo usipolipwa, mnada wa nyumba hauchelewi. Taarifa hutolewa siku 21 kabla, na nyumba huuzwa Jumanne ya kwanza ya mwezi. Bei isipofikia deni, benki ina miaka miwili ya kumshtaki aliyetia sahihi kwa kilichopungua. Yeye akiwa ameshasamehewa, anayebaki ni wewe. Kama nyumba ina thamani zaidi ya deni, bora aiuze mwenyewe mapema.

Na hili liliniumiza mimi kwa ndugu yangu: ukimlipia una haki ya kumdai, ila ufilisi wake unaweza kufuta hata hilo unalomdai. Kwa hiyo akikuandika kwenye orodha ya wadai, usione kakuvunjia heshima. Sheria inataka wadai wote waandikwe, na bila hivyo hutapata taarifa ya mahakama.

Mama mdogo wa Kasulu, Columbus:

Mwanangu, kabla ya kwenda kwa wakili, mdogo wako apige simu kwa washauri wa nyumba waliosajiliwa na HUD, wizara ya nyumba ya huko. Ushauri wa kuzuia mnada ni bure. Wamsaidie kuiomba benki ibadilishe masharti ya mkopo. Mimi walinisaidia.

Dada wa Ujiji:

Marahaba kaka wa Mwanga, asante mama mdogo. Nimempigia mdogo wangu leo alfajiri. Hajafungua kesi, na alikuwa hajui kwamba deni lingenirudia mimi. Amelia kwenye simu. Nimemwambia kesho awapigie washauri wa HUD, kisha wakili, nami niwepo kwenye laini wakizungumza. Mama yupo hapa barazani anachambua dagaa, hajaambiwa.