Mthamini anayegonga muhuri hajakanyaga Kigoma, shamba linahesabiwa na vijana wa kukodi

Wakuu, hili la fidia za mashamba huku Kigoma vijijini limezidi. Watu wanaporwa mchana kweupe, na karatasi za kuporwa wanazisaini wenyewe.

Mradi unapita, mtendaji anaita mkutano na kusoma tangazo. Kesho yake wanashuka vijana na futi kamba, simu na rundo la fomu. Ukiuliza nani kati yenu ni mthamini aliyesajiliwa, jibu ni kwamba bosi yuko Dar. Huyo bosi ndiye atakayegonga muhuri kwenye ripoti ya shamba ambalo hajaliona! Chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini, Na. 7 ya 2016, kufanya kazi hii bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini ni kosa. Kijana aliyetoka Chuo cha Ardhi Tabora anaweza kupima na kuhesabu miti, na wengi wanaijua kazi, lakini aliyesajiliwa lazima asimamie na awajibike. Kukodisha muhuri si kusimamia.

Angalieni michikichi. Mche uliopandwa juzi haulipwi sawa na mti unaozaa, kwa hiyo fomu inataka idadi kwa kila hatua ya ukuaji. Anayehesabu mbio mbio anatazama kimo tu. Tenera, mbegu ya kisasa, inaanza kutoa mikungu ikiwa na miaka mitatu hivi, na bado ni fupi: mikungu iko karibu na ardhi, imefichwa na makuti yenye miiba. Ili uione lazima uiname ufunue. Kijana haiinamii, anaandika "mdogo" na kusonga mbele. Ekari iliyopandwa kwa nafasi ya mita 9 kwa mpangilio wa pembetatu ina miti karibu 58. Zidisha hilo kosa kwa ekari tatu uone mzee wa watu amepoteza nini.

Nyumba nazo ni hivyo hivyo. Anapima urefu na upana kwa nje, anapiga picha ya mwenye nyumba ameshika kibao cha namba, basi. Msingi wa mawe hauandikwi, tofali za kuchoma zinaandikwa mbichi kwa sababu plasta imezifunika, na choo, jiko la nje, kisima na banda la kukamulia mawese vinaachwa kabisa. Kisichoandikwa siku hiyo hakilipwi.

Pale kwenye posho ndipo wizi unapojificha zaidi. Kanuni za fidia za 2001 ziko wazi: posho ya makazi ni kodi ya mwezi mara 36, ya usafiri ni gharama ya kubeba tani 12 ndani ya kilomita 20, na ya usumbufu ni thamani ya ardhi mara wastani wa riba ya amana ya mwaka mmoja benki. Biashara ina faida iliyopotea, ya miezi 36 pia. Sasa, makazi, usafiri na faida havilipwi kwa ardhi isiyokaliwa. Fomu ikiandikwa "shamba" wakati kuna familia inalala humo, posho zote hizo zimekufa kwa neno moja. Kama kodi ya nyumba ya aina hiyo ni 50,000 kwa mwezi, hapo tu imeondoka 1,800,000.

Na jamani, acheni kuweka dole gumba kwenye fomu yenye mistari mitupu! Sahihi yako inathibitisha idadi na vipimo. Mstari usio na kitu upigwe kalamu kabla hujasaini. Piga picha kurasa zote. Kama hesabu hukubaliani nayo, iandike pale pale pembeni ya sahihi, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji.

Tunachodai ni kitu kidogo mno: jina na namba ya usajili ya mthamini iandikwe juu ya kila fomu, na mtu huyo awepo saiti siku za kuhesabu. Halmashauri na ofisi ya mkuu wa wilaya wanasaini madaftari ya fidia. Kwa nini hawaulizi swali hilo kabla ya kusaini?

NYONGEZA: Kuna aliyeuliza kuhusu malipo yaliyochelewa. Ikipita miezi 6 tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe, unastahili riba. Ikifika miaka 2 hujalipwa, uthamini ule umekwisha nguvu na lazima ufanyike upya. Kwa hiyo wakija na hundi, omba kwanza kuona tarehe ya idhini kwenye daftari la fidia. Wakikataa kuionyesha, usisaini, nenda kwa ofisa ardhi wa wilaya na barua yenye nakala.